Mama Nesi Anajibu: Dereva anayekatika pumzi usingizini

*Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni dereva wa lori, nyumbani ni Makambako. Napakia Dar es Salaam, nashusha Tunduma, mara nyingine navuka Zambia. Nina miaka 46 na kilo 108. Utingo wangu amegoma kulala nami kwenye kebini. Mwanzoni alilalamika kwamba nakoroma, nikacheka. Baadaye akasema katikati ya mkoromo nanyamaza kabisa, pumzi hakuna, halafu naibuka nikihema kama mtu aliyetolewa majini. Mama mkwe anasema nimerushiwa kitu, nakabwa. Nilikwenda hospitali, nikalala usiku mmoja na nyaya mwilini, wakaniambia njia yangu ya hewa inaziba usingizini na kipimo changu ni 19 kwa saa. Mashine waliyonitajia, bei yake ilinifanya nishike kichwa. Daktari akamalizia kwa kusema nibadilishe mtindo wa maisha, akaita mgonjwa mwingine. Mama, nibadilishe nini hasa? Maisha yangu ni usukani. — Dereva wa masafa, Makambako*

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, huyo utingo mshukuru. Alichokiona yeye wewe usingekiona kamwe, maana mwenye maradhi haya hujiona amelala fofofo.

Mama mkwe usibishane naye, lakini hujarushiwa kitu. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengi njia hubaki wazi. Kwako ulimi unarudi nyuma, mafuta ya shingoni yanabana, na njia inajifunga huku kifua bado kinavuta. Ni kama kunyonya juisi kwa mrija wa karatasi uliolowa: kadiri unavyovuta ndivyo unavyojibana. Oksijeni ikishuka, ubongo unakushtua kidogo tu, koo linafunguka kwa kishindo, unahema, unalala tena. Asubuhi hukumbuki hata tukio moja.

Hiyo 19 ni idadi ya mara pumzi inapokatika au kupungua sana katika saa moja, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 hatuhangaiki nayo. Kuanzia 5 hadi 14 ni kiwango cha chini, 15 hadi 29 ni cha wastani, 30 kwenda juu ni kikali. Wewe ni wa wastani. Fanya hesabu ya saa sita za usingizi, utaona ubongo wako unaitwa kazini zaidi ya mara mia kwa usiku mmoja. Hapo usishangae kuamka umechoka kuliko ulivyolala.

Daktari hakukosea. Alichobakiza ni mpangilio, kwa sababu yapo mambo yanayofanya kazi usiku huu huu, yapo yanayotaka miezi, na lipo moja lisilongoja hata kesho. Naanza na hilo.

Ni usukani wenyewe. Nimefanya kazi wodini miaka mingi hapa Mbeya na nimepokea watu wa barabara ile kuanzia Kitonga mpaka Mlima Nyoka. Dereva anayesinzia hapigi breki. Najua mnavyopambana: dirisha wazi, muziki juu, kinywaji cha kuongeza nguvu, na wengine mirungi. Hakuna hata kimoja kinachorudisha usingizi ulioibiwa usiku. Ukifika tambarare ya Usangu, barabara imenyooka na jua la mchana linapiga kioo, ukajikuta hukumbuki kilometa ulizopita, au kichwa kimedondoka mara moja tu, tafuta pa kuegesha palipo salama. Kunywa kikombe cha kahawa, lala dakika 20, halafu ndipo uendelee. Kahawa huchukua muda kuingia mwilini, kwa hiyo inakukuta ukiamka. Ila isiwe ya jioni, maana saa tano baadaye karibu nusu yake bado inazunguka kwenye damu.

Na rudi kwa daktari umwambie waziwazi kwamba unaendesha lori. Hukuandika kama anajua. Mtu wa 19 anayekaa dukani na mtu wa 19 mwenye tani 30 nyuma yake hawapewi haraka ile ile. Muombe barua, upangiwe safari za mchana au upumzishwe mpaka tiba ishike.

Sasa ya usiku huu. La kwanza ni ubavu. Ukilala chali, ulimi na nyama za koo zinaangukia nyuma kwa uzito wake. Kwa wagonjwa wengi matukio ya kulala chali ni mara mbili ya yale ya ubavuni, au zaidi. Kwenye karatasi ya kipimo chako huenda wameandika matukio ya chali peke yake na ya ubavu peke yake, uliza. Ikiwa yako yamejaa upande wa chali, umepata dawa isiyouzwa.

Shida ni kwamba aliyelala hajui amegeuka. Mzee wangu hapa Uyole, mwalimu mstaafu na mkoromaji wa siku nyingi, nilimshonea mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu, katikati ya mabega, nikatia mpira wa soksi kama ule wanaochezea watoto. Akigeuka chali unamsumbua, anarudi ubavuni bila kuamka vizuri. Alinuna, akasema namlaza kama punda mwenye mzigo, kisha akazoea. Siku hizi fulana ikiwa kwenye kamba anaitafuta mwenyewe. Kitanda cha kebini ni chembamba, hivyo kwako hata blanketi lililoviringishwa na kupangwa nyuma ya mgongo litafaa. Mito usirundike: miwili mitatu inakunja shingo na kidevu kinabana koo. Nyumbani ni afadhali uinue kitanda chenyewe upande wa kichwa kwa matofali chini ya miguu yake, mwili wote uiname kidogo.

La pili ni pombe. Mimi ni mtu wa huku, usinifiche. Najua msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulivyo Makambako na Njombe, na najua ulanzi uliogemwa leo ni mtamu kama maji ya miwa na ukikaa unageuka mkali, mkangafu. Kimpumu, komoni, bia, vyote hapa ni kundi moja. Pombe inalegeza misuli ya koo zaidi ya usingizi wenyewe, kisha inauchelewesha ubongo kukushtua, kwa hiyo pumzi inakatika mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ndani ya saa nne za mwisho kabla ya kulala, hata glasi moja iache. Ukitaka kujua ukweli wake, muulize mkeo usiku gani unakoroma vibaya kuliko zote.

Vidonge vya usingizi vya aina ya diazepam navyo vinafanya kazi ile ile ya kulegeza. Hata zile dawa za mafua zinazoleta usingizi, ambazo watu hununua dukani ili walale, usizizoee. Daktari yeyote atakayekuandikia dawa ya maumivu makali au ya usingizi mwambie kwanza una tatizo hili, na kama utafanyiwa upasuaji mwambie mtu wa nusu kaputi kabla hajaanza kazi yake.

Sigara hukuitaja. Kama unavuta, moshi unavimbisha njia ya hewa, na huo ndio mjadala wote.

Pua iangalie. Pua ikiziba, unavuta kwa mdomo, taya linashuka na ulimi unarudi nyuma. Vumbi la kebini, mablanketi yasiyoanikwa, kiyoyozi ambacho hakijasafishwa tangu gari linunuliwe. Anika, fua, safisha. Usiku suuza pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe cha mililita 250. Maji yachemshwe kweli, usitumie ya bomba moja kwa moja.

Tukija kwenye uzito, hapa ndipo penye miezi. Kilo si aibu, na sitaki uende kushinda njaa barabarani ukazimia Inyala. Lakini hesabu ziko upande wako. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwafuatilia watu kwa miaka na mwaka 2000 wakatoa matokeo: mtu akipungua asilimia 10 ya uzito wake, kipimo kinashuka kwa wastani wa asilimia 26. Akiongezeka asilimia 10, kinapanda asilimia 32. Kwako asilimia 10 ni kilo 11 hivi. Ukifika 97, hiyo 19 inaweza kushuka hadi 14, yaani unatoka kiwango cha wastani na kuingia cha chini. Hujapona, lakini hauko ulipokuwa. Ukiendelea kunenepa, utakuwa unaelekea 25. Huo ni wastani wa watu wengi, kila mwili una tabia yake.

Chakula cha dereva nakifahamu, mdogo wangu naye ni wa barabara. Mchana mnakimbia, usiku saa nne mnasimama Mafinga, chipsi mayai, kuku nusu, soda mbili, dakika kumi baadaye mtu yuko chali kitandani na tumbo limejaa. Geuza hiyo. Mlo mkubwa uwe wa mchana: ugali au wali, maharage, mboga za majani, kipande cha nyama au samaki. Jioni ule mapema na kidogo, zibaki saa tatu nzima kabla ya kulala, kwa sababu tumbo lililojaa linasukuma kifua na asidi inapanda kooni. Ukipita Ilula nunua nyanya, Ruaha Mbuyuni vitunguu, utingo akate kachumbari, ijaze nusu ya sahani kabla ugali haujaingia. Parachichi ni zuri na huku kwetu ni la bure karibu, ila lina mafuta mengi, nusu inatosha. Soda ndiyo ya kuacha kwanza: moja ya kola ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai, na dereva mwenye joto hanywi moja. Beba maji.

Kutembea utaniambia hakuna nafasi. Foleni ya malori Tunduma si ipo? Watu wanakaa pale wakicheza karata kutwa nzima. Shuka utembee mpaka jasho litoke, nusu saa, siku nyingi za wiki. Mazoezi hupunguza matukio kiasi fulani hata kama mzani haujasogea.

Yapo pia mazoezi ya koo lenyewe, na haya watu huyacheka. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi waliwafundisha wagonjwa kupuliza didgeridoo, bomba refu la wenyeji wa Australia, na baada ya miezi 4 usingizi wao wa mchana ulipungua. Tarumbeta zetu za kanisa la Moravian sikuahidi kwamba zina nguvu hiyo. Lakini mwaka 2009 Brazil, wagonjwa wa kiwango cha wastani kama chako walifanya mazoezi ya ulimi na koo nusu saa kwa siku kwa miezi 3, na wastani wao ukashuka kutoka 22 hadi 14. Bandika ulimi wote kwenye kaakaa ulisukume juu. Uburute kutoka nyuma ya meno kwenda ndani. Fungua mdomo useme “aaa” ukiinua kile kidude kinachoning'inia kooni. Rudia, rudia. Unaweza kuyafanya ukiwa unaendesha, na utingo akicheka mwache acheke.

Mashine bado naitaja, ingawa bei ilikuumiza. Inasukuma hewa kwa barakoa ili koo lisijifunge. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitangaza mwaka 1981 na mpaka leo hakuna kilichoizidi kwa wenye kiwango cha wastani na kikali. Zipo zinazofanya kazi kwa betri ya gari, ila lori lako ni la volti 24, kwa hiyo adapta lazima iwe yake. Ukiuziwa ya mtumba chukua namba yake umpe fundi au daktari aikague, maana mwaka 2021 mamilioni ya mashine ziliitwa zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa ikimomonyoka na kuingia kwenye hewa. Muulize pia daktari wa meno kuhusu kifaa cha kuvuta taya la chini mbele. Kwa kiwango chako kinasaidia wengi na hakihitaji umeme.

Mwisho kwako, pima presha. Maradhi haya yanaipandisha na kuifanya ikatae dawa. Na kama usiku unaamka kukojoa mara tatu nne, usikimbilie kusema ni sukari au tezi dume kabla ya kupima. Pumzi inapokatika, moyo unatuma ujumbe kwa figo zitoe mkojo mwingi, na wengi huacha kuamka pumzi ikitulia. Baada ya miezi sita ya haya yote rudia kipimo. Mkoromo unaweza kupungua na pumzi bado inakatika, hivyo sifa za utingo hazitoshi kukurudisha safari za usiku.

*Mama, ndaga fijo kwa ukurasa wako. Mimi ni mwalimu, miaka 55, naishi Isongole. Nina kilo 52 tu lakini nakoroma, naamka na kichwa kinauma, darasani nasinzia. Presha haishuki na dawa natumia mbili. Wenzangu wanasema ugonjwa wa pumzi ni wa wanaume wanene. Huku baridi kali, usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani. — Mwalimu, Rungwe*

Ndaga mwalimu. Kabla hujamaliza kusoma aya hii, jiko litoke chumbani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na dalili yake ya kwanza ni hicho kichwa cha asubuhi. Watu wa baridi wanalala nayo na hawaamki. Pasheni chumba kabla, toeni jiko, ongezeni blanketi na chupa ya maji ya moto miguuni. Kama kichwa kitaacha kuuma ndani ya wiki, umepata jibu la nusu ya barua yako.

Nusu nyingine, wenzako wamekosea. Wanaume wanene ndio wengi, lakini mwanamke akishakoma hedhi hatari yake inapanda sana, kwa kuwa homoni zilizokuwa zikisaidia koo kubaki imara zimepungua. Na mwembamba mwenye taya dogo lililorudi nyuma anaziba kama mnene. Wanawake mara nyingi hawaji na mkoromo, wanakuja na uchovu, kichwa na kukosa usingizi, wanapewa dawa za msongo wa mawazo na kurudishwa nyumbani. Presha inayokataa dawa mbili, ukiongeza na kusinzia darasani, inatosha kudai kipimo cha usingizi. Anza na kliniki ya masikio, pua na koo kwenye hospitali ya rufaa.

Jambo moja la huku kwetu: nyanda hizi zina historia ndefu ya rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Simama mbele ya kioo, meza mate, tazama kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka shingoni. Uwepo au usiwepo, omba kipimo cha damu cha tezi hiyo. Ikifanya kazi chini ya kiwango inaleta uchovu, inavimbisha ulimi na koo, na tiba yake ni kidonge kwa siku. Kuhusu kupunguza uzito niliyomwambia dereva, wewe usiyaguse. Ya ubavu, pua na mazoezi ya ulimi ni yako pia.

*Mwanangu ana miaka 5, anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anatoka jasho na bado anakojoa kitandani. Dukani wamenipa matone ya pua. Nimpunguzie chakula? — Mama Mafinga*

Usimpunguzie hata tonge. Kwa umri huo chanzo kikubwa ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizokua zikaziba njia, na mara nyingi upasuaji wa kuziondoa humaliza shida, kukojoa kitandani kukiwemo. Mrekodi kwa simu dakika mbili tatu akiwa katikati ya mkoromo, umwoneshe daktari wa masikio, pua na koo. Akisinzia mchana au akiwa mtundu kupita kiasi darasani, mwambie na hilo, kwani mtoto asiyelala vizuri mara nyingi hachoki bali anachachamaa. Matone ya dukani yasizidi siku chache, yakizidi pua inaziba zaidi ya mwanzo.